Ganzi, Kuchomachoma na Udhaifu: Jinsi ya Kufuata Neva Hadi Penye Kosa

Fundi mmoja wa nguo kutoka Gikomba aliingia chumba changu cha fiziotherapia na mfuko wa kemisti. Akaumwaga mezani: pakiti nne za vitamini za neva, moja bado haijafunguliwa, na kadi iliyojaa alama za sindano kumi, zile sindano nyekundu za vitamini B12 ambazo kila mtaa wa Nairobi unazijua. "Daktari, mkono bado unakufa ganzi. Nimemaliza pesa ya karo." Nikamwomba anioneshe ni wapi hasa. Alinyoosha kiganja, akapapasa kidole gumba, cha shahada, cha kati, kisha akafika kwenye kidole cha pete na kusimama katikati. Nusu ya kidole hicho ilikuwa imekufa ganzi. Nusu inayotazama kidole cha mwisho ilikuwa nzima.

Kidole hicho kimoja kilitosha kunionesha njia. Kosa lilikuwa kwenye kifundo cha mkono, mahali ambapo neva moja imebanwa, na hakuna sindano ya kwenye takoni ingeweza kuibanua.

Taa ya sebuleni isipowaka, fundi wa stima anayejua kazi habadilishi balbu mara kumi. Anafuata waya: swichi, sanduku la fyuzi, mita. Neva nazo zina njia zake, na njia hizo ni zilezile kwa watu karibu wote. Mahali unapohisi shida mara nyingi sipo penye kosa. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kufuata waya kabla ya kutumia pesa. Hauchukui nafasi ya daktari. Utakufikisha kwake ukiwa na maelezo anayoweza kuyafanyia kazi.

Neva ni nini, na inabebaje habari

Tukisema "mishipa inaniuma" tunachanganya vitu vitatu: mishipa ya damu, kano za misuli na neva. Neva ni kebo. Ndani yake mna nyuzi maelfu, na kila uzi ni mkono mrefu wa seli moja. Seli inayohisi kwa niaba ya kidole gumba cha mguu ina kiini chake kando ya uti wa mgongo, sehemu ya kiuno, na uzi wake unashuka karibu mita 1 bila kiungo popote. Vipuri vyote vya uzi huo hutengenezwa kule juu na kusafirishwa polepole hadi unyayoni. Shika jambo hilo, tutalihitaji tukifika kwenye miguu inayochoma.

Umeme wa neva hautiririki kama ule wa nyumbani. Nje ya uzi kuna sodiamu nyingi, ndani kuna potasiamu. Ishara inapopita, milango midogo kwenye ukuta wa uzi hufunguka, sodiamu ikaingia, mlango wa pili ukafuata, wa tatu ukafuata, kama foleni ya watu wanaopokezana ndoo za maji kuzima moto. Nyuzi zilizovishwa ala ya mafuta iitwayo mayelini huruka vituo, ndiyo maana zilizo nene zaidi hufikia mita 120 kwa sekunde. Nyuzi nyembamba zisizo na ala, zile zinazobeba maumivu ya kuunguza, hutembea kama mita 1 tu kwa sekunde. Hermann von Helmholtz, Mjerumani, alipima kasi hii kwenye neva ya chura mwaka 1850 akapata karibu mita 27 kwa sekunde, wakati ambapo wataalamu wengi waliamini haipimiki.

Unaweza kuihisi tofauti hiyo mwenyewe. Ukijikwaa mguu wa kitanda gizani, kwanza unajua kwamba umegonga kitu. Kuna ukimya mfupi ambao unajua kabisa kinachokuja. Halafu maumivu yanafika. Ukimya ule ni nyuzi nyembamba zikiwa bado njiani.

Kutoka kwenye ubongo hutoka jozi 12 za neva, na kutoka kwenye ugwe wa mgongo, ile kebo kuu iliyo ndani ya uti wa mgongo, jozi 31. Kila moja ina shamba lake la ngozi na misuli yake. Kwa hiyo nauliza maswali manne kila mara, kwa mpangilio huu: ni wapi hasa? Ilianza kwa dakika, kwa siku au kwa miezi? Ni upande mmoja au pande zote mbili? Ni ganzi tu, au na nguvu zimepungua? Swali la pili ndilo linaloamua kama utaendelea kusoma au utatafuta gari sasa hivi.

Yanayohitaji gari sasa hivi

Upande mmoja wa uso umelegea, mkono mmoja hauinuki, maneno yanakokota au hayaeleweki, na yote yameanza ghafla: hicho ni kiharusi mpaka kithibitishwe vingine. Mshipa wa damu wa ubongo umeziba au umepasuka. Ukiziba, seli karibu milioni 2 hufa kila dakika. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na dakika 30 tangu dalili zianze, na ni lazima picha ya CT ipigwe kwanza kuhakikisha hakuna damu inayovuja. Kwa hiyo andika saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Kabla hamjaondoka nyumbani, pigeni simu hospitalini muulize kama mashine ya CT inafanya kazi leo. Nimeona familia zikizunguka vituo vitatu kwenye foleni ya magari ya jioni kwa sababu hakuna aliyeuliza. Msimpe aspirini, kwa kuwa hamjui kama damu inavuja. Msimpe chai wala uji, kwa kuwa koo lake huenda halimezi sawasawa. Dalili zikiisha zenyewe baada ya nusu saa, bado nendeni. Hiyo ni onyo, na siku chache zinazofuata ndizo za hatari zaidi.

Udhaifu unaoanzia miguuni na kupanda siku baada ya siku, leo magoti, kesho mapaja, kesho kutwa mikono, hasa wiki moja au mbili baada ya kuhara au homa, nao ni wa hospitali siku hiyohiyo. Kinga ya mwili imeanza kushambulia neva zenyewe, na ikifika kwenye misuli ya kupumua mgonjwa atahitaji mashine.

Maumivu ya mgongo yakiambatana na ganzi sehemu zile zinazogusa tandiko la baiskeli, mkojo ukakataa kutoka au ukatoka bila habari, usingoje kesho. Ugwe wa mgongo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na chini yake neva huning'inia kama mkia. Diski, ule mto ulio kati ya pingili na pingili, ikiuminya mkia huo, upasuaji unatakiwa upesi. Ukichelewa, mkojo na haja kubwa huenda visirudi katika hali yake. Watu huona haya kuitaja dalili hii. Mimi nitakuuliza, na afadhali uniambie.

Degedege la kifafa: mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, tazama saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Likizidi dakika 5, au likirudi kabla hajazinduka, mpeleke.

Mkono unakufa ganzi

Hapa ndipo penye wagonjwa wengi, na hapa ndipo ramani inasaidia sana. Chukua kipamba, fumba macho, mtu akuguse kidole kimoja kimoja mbele na nyuma.

Ganzi ikiwa kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, neva iliyobanwa inaitwa midiani. Inapita kwenye kifundo cha mkono ndani ya handaki jembamba, pamoja na kano tisa za kukunja vidole. Kano zikivimba, neva ndiyo inayoumia kwa kuwa ndiyo laini. Dalili yake kubwa ni usiku: unaamka saa nane, mkono umekufa, unaukung'uta kama unayekung'uta maji, unatulia, unalala tena. Ngozi ya kiganja karibu na kifundo mara nyingi huwa nzima, kwa sababu kitawi kinachoihudumia hupita juu ya handaki. Jaribu hivi: kunja vifundo vyote viwili, migongo ya mikono igusane, kaa hivyo sekunde 60. Ganzi yako ileile ikija, umepata jibu la kuaminika kiasi.

Fundi wangu wa Gikomba alikuwa akishika mkasi mzito na kusukuma kitambaa chini ya sindano ya cherehani kwa saa kumi kila siku, kifundo kimekunjwa. Wajawazito huipata kwa sababu ya mwili kujaa maji, na mara nyingi huondoka baada ya kujifungua. Ugonjwa wa tezi la shingo na kisukari navyo huileta, kwa hiyo pima damu. Tiba ya kwanza ni rahisi: banzi la kushikilia kifundo kikiwa kimenyooka, livaliwe usiku kwa wiki sita au zaidi. Sindano ya kupunguza uvimbe ikihitajika, huchomwa palepale kwenye kifundo. Nyama ya chini ya kidole gumba ikianza kubonyea, usiendelee kusubiri banzi, muone daktari wa upasuaji.

Ganzi ikiwa kwenye kidole cha mwisho na nusu nyingine ya kidole cha pete, sahau kifundo, nenda kwenye kiwiko. Neva ya alina hupita nyuma ya kiwiko, kwenye ule mfereji ambao ukigongwa umeme unaruka mpaka kidoleni. Wanaoipata ni wanaolala wamekunja mikono chini ya kichwa, wanaoegemeza kiwiko kwenye dirisha la matatu kutoka Githurai hadi mjini, na wanaoongea na simu saa nzima kiwiko kimekunjwa. Nyoosha kiwiko usiku, hata kwa kukizungushia taulo. Vidole vikianza kushindwa kufunga vifungo vya shati, muone daktari.

Vipi kama mzizi wa neva, pale inapotokea kwenye uti wa mgongo, umebanwa shingoni? Kuna mambo mawili ya kutofautisha. Kwanza, kukunja shingo nyuma na kuigeuza upande unaouma kutarusha maumivu mkononi. Pili, tazama tena kile kidole cha pete. Mzizi wa shingoni haukigawi katikati. Na ganzi ya shingoni kwa kidole cha mwisho hupanda juu ya kifundo hadi kwenye mkono wa ndani, wakati ganzi ya alina huishia karibu na kifundo. Kila ninapomfundisha mwanafunzi namwambia aanze na kidole cha pete, kwa maana kinazungumza kuliko vingine vyote.

Kifundo kimeanguka kabisa, huwezi kuinua mkono kama anayesimamisha gari, lakini ulilala usiku kucha mkono umening'inia juu ya kiti? Hiyo ni neva ya radiali iliyobanwa kwenye mfupa wa juu ya kiwiko. Mara nyingi ala ya mayelini tu ndiyo imeumia na mkono hurudi kwa wiki kadhaa. Funga kifundo kisibaki kimekunjamana, na ufanye mazoezi ya vidole.

Nalitenga suala la boda boda kwa sababu linaniumiza moyo. Abiria au dereva akirushwa akatua kwa bega, kichwa kikienda huku na bega likienda kule, neva zote za mkono huweza kuchanika kutoka shingoni. Hospitali hutibu mfupa uliovunjika, mkono usiosogea huambiwa "utarudi", na mwaka unapita. Mkono ambao haujasogea kabisa baada ya ajali unatakiwa uonwe na daktari wa upasuaji wa neva hizo ndani ya miezi 3, usizidi 6. Sababu nitaieleza mwishoni.

Nyayo zinachoma, kama umekanyaga pilipili

Hapa ganzi haifuati neva moja. Inaanza kwenye vidole vya miguu yote miwili, inapanda sawasawa kama soksi, na ikifika karibu na magoti inaanza kwenye ncha za vidole vya mikono. Kumbuka ule uzi wa mita 1. Kitu kinachodhoofisha seli zote mwilini kitaonekana kwanza pale ambapo vipuri vinasafiri mbali zaidi. Ukiona soksi, acha kutafuta mahali palipobanwa. Tafuta kilicho kwenye damu.

Kisukari ndicho cha kwanza kupima, hata kama hujawahi kuambiwa unacho. Miguu inaweza kuwa ndiyo inayokutambulisha kwake.

Vitamini B12 ni ya pili. Haimo kwenye sukuma wiki wala kwenye githeri, imo kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Anayetumia metformin, dawa ya kisukari, kwa miaka ana hatari zaidi, kwa kuwa dawa hiyo hupunguza ufyonzwaji wake. Wasiokula nyama kabisa na wazee wenye matatizo ya tumbo pia wamo. Upungufu huu haugusi neva za miguuni peke yake, unafika hadi kwenye ugwe wa mgongo, kwenye nyuzi zinazouambia ubongo miguu iko wapi. Mgonjwa anasimama vizuri mchana, lakini akifumba macho kunawa uso kwenye beseni anayumba na kushika ukuta. Ukiwa na dalili hiyo, ile sindano nyekundu ndiyo dawa yako hasa, na ichomwe kwa ratiba ya daktari.

Ndiyo maana sizichukii vitamini. Ninachokikataa ni kuzinunua kwa kubahatisha. Zile pakiti nyingi huwa na B6 pia, na B6 nyingi ikitumiwa kwa muda mrefu huharibu neva na kuleta ganzi ileile uliyokuwa ukiitibu. Kwa upande mwingine, anayetumia dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi hupewa B6 kidogo kwa sababu dawa hiyo huipunguza mwilini. Ikiwa uko kwenye dawa za TB na nyayo zimeanza kuchoma, rudi kliniki uulize kama unapewa kidonge hicho. Usikatize dawa za TB.

Pombe ya miaka mingi husababisha hali hii. Virusi vya Ukimwi vyenyewe pia, na waliotumia stavudini, dawa ya zamani ya virusi hivyo, wanaujua moto wake. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 iachwe kutumiwa polepole, na wengine waliobaki na ganzi wako nasi mpaka leo.

Ganzi ya soksi inaogofya kuliko maumivu. Julai moja ya baridi, mama mmoja alikuja ameegemea mwanawe. Alikuwa ameota moto, nyayo karibu na jiko la makaa, akisikiliza redio. Aliyegundua ni mjukuu wake, aliyeuliza, "Shosho, ni nini kinanuka?" Ngozi ya kisigino ilikuwa imeungua na yeye hakuwa amehisi kitu. Tangu siku ile kila mgonjwa wangu wa soksi namwambia haya: maji ya kuoga yapime kwa kiwiko, usitembee pekupeku hata ndani ya nyumba, tikisa viatu kabla ya kuvivaa, na kila jioni angalia nyayo kwa kioo au mwombe mtoto akuangalizie.

Mguu unaburuta vidole

Unajua mtu huyu kwa sauti ya hatua zake: kiatu kinapiga sakafu, pa, pa, na ncha ya soli imelika. Mwambie atembee kwa visigino. Mguu mmoja utakataa.

Neva ya peronia huzunguka mfupa nje kidogo chini ya goti, chini ya ngozi tu. Kukaa umekunja nne kwa muda mrefu, au kuchuchumaa kutwa nzima kama wanaopanga matofali ya barabarani, huibana. Mzizi wa kiunoni ukibanwa na diski nao huleta picha ileile. Tofauti yake: mwambie ageuze unyayo utazame mguu wa pili, ndani. Akiweza kwa nguvu zote, kosa liko gotini. Akishindwa, na mgongo unauma, kosa liko kiunoni. Kwa vyovyote mguu uliolegea ghafla hautaki kusubiri.

Sababu ya tatu naijua kwa uchungu. Ndugu yangu mdogo alikuwa na miaka mitano, ana malaria, akachomwa sindano ya kwinini kwenye tako katika zahanati ya mtaa wetu. Alipiga yowe na kushika mguu wote, mpaka kisigino. Mama akaambiwa ni woga wa mtoto. Kesho yake unyayo ulikuwa umelegea, na mpaka leo anavaa kiatu chenye banzi. Neva ya siatiki, nene kama kidole, hupita katikati ya tako. Kwa mtoto, paja la nje ndilo mahali salama. Kwa mtu mzima, robo ya juu ya nje ya tako. Maumivu yakiruka kama umeme kushuka mguuni sindano inapoingia, sema "toa" kwa sauti, na itolewe. Una haki ya kusema hivyo.

Mguu uliokufa ganzi baada ya kukaa vibaya kwenye matatu, ukarudi kwa dakika chache na sisimizi wengi, hauna shida yoyote. Neva ilikosa damu kidogo, imeipata.

Uso umepinda

Watu husema ni baridi ya dirisha au upepo mbaya, na hofu yao ni kiharusi. Mwambie ainue nyusi. Paji la uso hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, kwa hiyo katika kiharusi makunyanzi ya paji hubaki. Paji likiwa laini kabisa upande uliopinda na jicho halifungi, mara nyingi neva ya uso yenyewe ndiyo iliyovimba ndani ya mfereji wake nyuma ya sikio. Charles Bell, daktari wa upasuaji kutoka Scotland, ndiye ugonjwa huu ulipewa jina lake. Vidonge vya predinisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, vianzwe ndani ya saa 72 tangu uso upinde. Linda jicho: matone ya machozi mchana, mafuta ya jicho na plasta usiku. Wengi hupona. Ukiwa na shaka hata kidogo, au mkono nao ni mzito, chukulia ni kiharusi.

Miguu yote imekakamaa

Miguu mizito na migumu, si laini, na kuna mahali kifuani au tumboni ambapo chini yake hisi hubadilika kama umefungwa mkanda: kosa liko kwenye ugwe wa mgongo. Hapa kwetu fikiria kifua kikuu cha uti wa mgongo, hasa kukiwa na maumivu ya mgongo ya miezi, kukonda, jasho la usiku au kinundu kwenye pingili. Kinatibika kwa dawa zilezile za TB, ambazo hutolewa bure kwenye vituo vya serikali. Pigwa picha ya MRI kabla ya kukandwa. Tafadhali usikubali mtu yeyote akupande mgongoni.

Mengine kwa haraka

Vidole vya mikono yote miwili na midomo vikiwashawasha ghafla, moyo unaenda mbio, pumzi za harakaharaka: kupumua kupita kiasi kwa hofu hutoa kaboni dioksidi nyingi na kubadilisha kalsiamu inayozunguka neva. Punguza pumzi, toa polepole kuliko unavyovuta. Ikijirudia, zungumza na mtaalamu. Hofu ni ugonjwa kama mwingine.

Kuungua kwa mstari upande mmoja wa mbavu, halafu malengelenge: mkanda wa jeshi. Virusi vya tetekuwanga ya utotoni vililala kwenye mzizi wa neva. Dawa hufanya kazi vizuri zikianzwa ndani ya siku tatu.

Macho yakiingia ukungu baada ya pombe haramu, hiyo ni methanoli, inaharibu neva ya macho. Novemba 2000, mtaani Mukuru, Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa na wengine wakapofuka. Hospitali, mara moja.

Mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea mguu au mkono ghafla, kituo chochote cha afya lazima kiripoti na kuchukua sampuli mbili za choo ndani ya siku 14, kwa ajili ya kufuatilia polio. Mwaka 2018 kirusi cha polio kilipatikana kwenye majitaka ya Eastleigh. Sampuli hizo zinamlinda mtoto wa jirani.

Neva inapona kwa kasi gani

Uzi uliokatika huota upya karibu milimita 1 kwa siku, ukiwa na njia. Pima mwenyewe: kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha mwisho ni kama sentimita 40, maana yake siku 400. Kutoka shingoni hadi kiganjani ni mara mbili ya hapo. Lakini misuli iliyokaa bila neva mwaka mmoja au mwaka na nusu hugeuka kovu na haiwezi tena kuamshwa. Ndiyo sababu ya ile miezi 3 ya ajali za boda boda. Daktari wa upasuaji anashindana na kalenda.

Kijana mmoja aliyekatwa na kioo juu ya kiwiko, akashonwa neva yake ya alina, huja kwangu kila mwezi. Nagonga taratibu kwa ncha ya kidole kufuata njia ya neva, nikianzia kwenye kovu. Pale anaposema "hapo, umeme," natia alama kwa kalamu, kwa maana ndipo nyuzi changa zimefika. Mwezi wa kwanza alama haikuondoka kwenye kovu. Sasa iko sentimita tisa chini yake, na mama yake huandika tarehe na kipimo kwenye jalada la daftari la shule kabla hawajapanda matatu kurudi Kayole.